Mwenye Meza Hahitaji Bahati



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana wa kikundi chetu hapa Bunia alitungoja nje ya kanisa mpaka wenzake wote walipoondoka. Hatutamtaja jina. Alitoa mfukoni karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi, akatuonyesha mechi tano za mpira alizozibashiri. Nne alikuwa amezipatia. "Mwalimu," alisema, "nilikosa moja tu. Nilikuwa karibu sana." Kisha akanyamaza, na baada ya kitambo akatuambia yaliyobaki. Dau lile lilitoka katika pesa ambazo mama yake, muuza samaki wakavu wa Ziwa Albert pale sokoni, alikuwa amempa kwa ajili ya mtihani wa serikali. Wala haikuwa karatasi ya kwanza. Ilikuwa ya tisa.

Sisi tumefundisha katekisimu kwa miaka mingi, na siku ile tulimjibu kama tulivyozoea: kamari ni mtego, aiache, asali. Aliitikia kwa heshima akaenda zake. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tulitambua kwamba hatukumjibu. Yeye hakuuliza kama kamari ni mbaya. Hilo alilijua, ndiyo maana alitungoja mpaka watu waondoke. Alisema kwamba alikuwa karibu, na sisi hatukumwonyesha kwamba hakuwa karibu. Mtu anayejiona yu karibu na mlango hawezi kugeuka kwa kuhimizwa tu. Kwa sababu hiyo tumeandika makala hii. Tunataka kusimulia jinsi wanadamu walivyojifunza kuihesabu bahati, na walichokikuta walipomaliza kuhesabu.

Kabla ya hesabu

Kura na dadu ni vitu vya kale. Maandiko Matakatifu yanavitaja bila kificho. Chini ya msalaba maaskari walipigia kura vazi la Bwana (Yn 19:24). Na Mitume, walipohitaji mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walipiga kura nayo ikamwangukia Mathiya (Mdo 1:26). Tendo la mkono ni lile lile, lakini kilichotafutwa hakikuwa kimoja: hawa waliomba mapenzi ya Mungu, wale waligawana mali ya mtu anayekufa.

Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua kukadiria kura au dadu itaangukaje. Aliyeshindwa hakuuliza kanuni za mchezo zimepangwaje. Alijiuliza amekosa nini, nani amemloga, au kwa nini mkosi umemwandama. Mawazo hayo hayajafa. Hata leo hapa mjini tunawasikia vijana wakisema leo sina bahati, wakihama duka moja la kubashiri kwenda lingine, au wakivaa shati lile lile walilolivaa siku waliyoshinda.

Mmoja wa waliofungwa na mawazo hayo ni mtakatifu wetu. Kamili wa Lellis alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari kama baba yake, na akacheza karata na dadu mpaka akapoteza kila alichokuwa nacho. Mwaka 1574, huko Naples, alibaki hana kitu. Akaenda kufanya kazi ya ujenzi kwa watawa Wakapuchini huko Manfredonia, na tarehe 2 Februari 1575 moyo wake ukageuka. Aliyekuwa mcheza kamari akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, ambalo watumishi wake huvaa msalaba mwekundu kifuani, na leo Kanisa linamheshimu kuwa msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Tunamtaja mapema ili kijana yeyote aliyekwisha kupoteza asisome makala hii kama hukumu. Mlango wa kutokea upo, na mtakatifu amepita humo.

Daktari, mtu wa makabaila, na Pascal

Wakati ule ule wa Kamili aliishi Italia daktari mmoja, Gerolamo Cardano, aliyezaliwa mwaka 1501. Naye alikuwa mchezaji, na katika habari za maisha yake alikiri kwamba michezo ilimla miaka mingi. Lakini Cardano alifanya jambo jipya: aliketi akahesabu njia zote ambazo dadu zinaweza kuanguka. Kitabu chake juu ya michezo hiyo kilichapishwa mwaka 1663 tu, muda mrefu baada ya kifo chake, na kwa hiyo elimu yenyewe ilianza kuenea kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa barua. Mwaka 1654, huko Ufaransa, Antoine Gombaud, aliyejulikana kama Chevalier de Méré, mtu aliyezoeana na makabaila na meza zao za michezo, alimpelekea Blaise Pascal maswali mawili. Pascal alikuwa na umri wa miaka 31, Mkatoliki mlei, mwanahesabu hodari tangu ujana wake. Aliandikiana na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, na katika barua hizo msingi wa hesabu ya uwezekano ukawekwa.

Swali moja lilihusu dadu, na tunawaomba mlijaribu wenyewe. Mtu anasema: nitaitupa dadu moja mara nne, na angalau mara moja nitapata sita. Je, ana nafasi nzuri? Dadu ina nyuso sita. Ikitupwa mara nne, matokeo yote yanayowezekana ni 6 mara 6 mara 6 mara 6, yaani 1,296. Matokeo yasiyo na sita hata moja ni 5 mara 5 mara 5 mara 5, yaani 625. Yanayobaki, 671, ni ya ushindi. Pascal aliziandika namba hizo mbili katika barua yake: 671 dhidi ya 625.

Tazameni vizuri tofauti hiyo, kwa maana mengine yote yanatoka hapo. Ni 46 tu katika 1,296. Anayekaa upande wa pili wa meza haioni. Akicheza mara kumi, huenda akashinda sita, akaenda nyumbani akiimba. Lakini aliyelipanga pendekezo hilo, akilirudia kwa dau la faranga 1,000, anajipatia wastani wa faranga 35 katika kila mchezo. Haibi, wala hajaifanyia dadu hila yoyote. Yeye si mwenye bahati kuliko mwenzake; kanuni tu ndiyo iliyoinama kidogo upande wake. De Méré aliona pia kwamba pendekezo lingine lililofanana na hilo, kupata sita mbili kwa pamoja katika mitupo 24 ya dadu mbili, linainama upande wa pili: ushindi ni kama mara 49 tu kwa kila 100. Kwa jicho mapendekezo hayo mawili ni ndugu. Hesabu ndiyo iliyoonyesha kwamba moja linalisha na lingine linakula.

Mwaka ule ule, usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, Pascal alikutana na Mungu kwa namna iliyombadilisha maisha. Aliyaandika ya usiku huo katika karatasi aliyoishona ndani ya koti lake, nayo ikagunduliwa alipofariki mwaka 1662. Katika mwaka huo wa mwisho alikuwa amesaidia kuanzisha mjini Paris magari ya farasi ya kubeba abiria kwa nauli ndogo, akitaka faida yake iwafikie maskini. Marehemu Papa Fransisko alimwandikia waraka maalumu tarehe 19 Juni 2023, miaka 400 tangu kuzaliwa kwake. Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba imani na hesabu ni maadui. Aliyetufundisha kuihesabu dadu alikuwa mtu wa sala.

Meza ya ishirini na moja

Sasa tuingie katika mchezo wa karata ambao simu umeuleta hadi mifukoni mwa vijana wetu: ishirini na moja, au blackjack. Mchezo huu ni wa zamani. Mwandishi Mhispania Cervantes aliutaja katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1613. Kanuni zake ni nyepesi. Kila mmoja hupewa karata mbili na anaweza kuomba zaidi. Anayekaribia 21 kuliko mwenzake hushinda. Anayepita 21 hupoteza. Mgawaji hana hiari: sharti aongeze karata akiwa na 16 au chini yake, na asimame akifika 17. Mchezaji yuko huru. Yeye ndiye mwenye uhuru, mgawaji ni kama mtumwa wa kanuni. Je, si mchezaji mwenye nafasi bora?

Jibu limejificha katika jambo dogo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni zamu. Mchezaji hucheza kwanza. Akipita 21, dau lake huondolewa papo hapo, kabla mgawaji hajafunua karata yake ya pili. Na kama baadaye mgawaji naye atapita 21, dau halirudi. Wote wawili wameanguka, lakini mmoja tu ndiye anayelipa.

Tuhesabu kama Pascal. Mgawaji anayefuata kanuni yake hupita 21 takriban mara 28 kwa kila 100. Tuseme mchezaji anaiga kanuni hiyo hiyo bila kuongeza wala kupunguza. Naye atapita takriban mara 28. Wote wawili watapita pamoja mara 28 za mia katika 28 za mia, yaani takriban mara 8 kwa kila 100. Hizo mara 8 ndizo mali ya mwenye meza. Anamrudishia mchezaji sehemu yake kwa kumlipa zaidi, tatu kwa mbili, anapopata 21 kwa karata mbili za kwanza. Baada ya kurudisha hivyo, hubakiwa na kati ya 5 na 6 kwa kila 100.

Mwaka 1956 wanajeshi vijana wanne wa Marekani waliokuwa kambini Aberdeen, Maryland, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la takwimu matokeo ya kazi ndefu waliyoifanya kwa mashine za kuhesabia za mezani. Walionyesha ni wakati gani mchezaji aombe karata na wakati gani asimame, na kwamba akifuata jedwali lao bila kukosea, faida ya mwenye meza hushuka chini ya 1 kwa kila 100. Kisha mwaka 1962 Edward Thorp, mwalimu wa hesabu, akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza hata kumshinda mwenye meza.

Hapo ndipo tunajifunza jambo kubwa kuliko karata. Wenye kasino walifanya nini? Waliongeza pakiti za karata mezani, wakazichanganya mara kwa mara, na wakawaondoa wachezaji walioonekana kuhesabu. Kanuni ilipowafaa waliiheshimu, ilipotobolewa waliibadilisha. Katika mchezo wa simuni, ambamo programu huchanganya karata upya kila mara, hakuna cha kukumbuka. Mezani kuna mmoja mwenye mamlaka juu ya kanuni, na huyo si mchezaji.

Kuna jambo la pili ambalo Pascal na wenzake walilichunguza: mfuko mdogo dhidi ya mfuko mkubwa. Chukueni mchezo wa haki kabisa, sarafu isiyoinama popote. Kijana ana faranga 10,000. Mwenzake ana 990,000. Wanacheza mpaka mmoja aishiwe. Hesabu inasema kijana ataondoka na zote mara 1 katika 100, na mara 99 atafilisika. Sarafu haijamwonea. Ni kwamba tajiri anaweza kuvumilia siku mbaya nyingi, na maskini hawezi kuvumilia hata chache. Ongezeni juu ya hapo kanuni iliyoinama, ndipo mtajua kwa nini anayeingia na pesa za mtihani hutoka bila mtihani.

Kutoka mezani hadi duka la kubashiri

Huenda mkasema: sisi hatuchezi karata, tunabashiri mpira, na mpira tunaujua. Neno hilo tunaliheshimu. Ni kweli kwamba mtu aliyefuatilia ligi kwa miaka kumi anajua kuliko asiyejua. Lakini tuitazame bei.

Tuseme mechi moja imewekewa bei tatu: timu ya nyumbani ikishinda dau linazidishwa kwa 2, sare kwa 3, wageni kwa 4. Mtu mwerevu anaamua kununua matokeo yote matatu ili asikose. Anaweka faranga 6,000 kwa wenyeji, 4,000 kwa sare, 3,000 kwa wageni. Jumla ametoa 13,000. Sasa mechi ichezwe itakavyochezwa: wenyeji wakishinda anapokea 12,000, ikiwa sare anapokea 12,000, wageni wakishinda anapokea 12,000. Anapoteza 1,000 kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja. Hiyo 1,000 ndiyo meza ya duka. Ujuzi wenu wa mpira haushindani na timu; unashindana na hiyo 1,000, na tena na watu wanaolipwa kuujua mpira kuliko ninyi. Na wachache wanaoshinda mara kwa mara hukuta makampuni mengi yamejiwekea haki ya kupunguza dau lao. Ni desturi ile ile ya kasino.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mechi tano. Sharti lake ni kupatia zote. Tuseme kijana amechagua timu tano zenye bei ya 2. Katika bei hizo zilizopandishwa, nafasi halisi ya kila timu si 50 kwa 100 bali ni kama 46. Zidisheni mara tano: karatasi zinazoshinda ni takriban 2 kwa kila 100. Duka hulipa mara 32 ya dau. Basi kwa kila faranga 100,000 zinazoingia, hurudi takriban 67,000. Ile sehemu ndogo iliyokatwa katika mechi moja imekatwa mara tano. Kwenye karatasi ya mechi kumi, hurudi chini ya nusu.

Na ni karatasi ngapi zitakazokosa mechi moja tu? Tulihesabu, tukahesabu tena, kwa sababu hatukuamini. Ni takriban 12 kwa kila 100. Yaani kwa kila washindi wawili wapo kumi na wawili wanaotoka dukani wakisema neno lile lile la kijana wetu: nilikuwa karibu sana. Hakuwa na mkosi wa pekee, wala bahati haikuwa inamkaribia. Alikuwa amesimama katika kundi la kawaida, kundi kubwa mara sita kuliko la washindi, ambalo mpango wa karatasi hulizaa kila wiki. Na kundi hilo hurudi. Anayekosa tano huenda akaacha. Anayekosa moja hukopa dau lingine.

Mwezi Mei 2017 kampuni moja ya Kenya ilimlipa mtu zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri sawasawa matokeo ya mechi 17, na picha zake zikaenea Afrika Mashariki yote. Habari ilikuwa ya kweli. Lakini mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zinaweza kwenda kwa njia 129,140,163. Picha ya mshindi ilionekana kila mahali. Wasioshinda hawakupigwa picha.

Majirani zetu na sisi

Serikali za jirani zimelipima jambo hili. Uganda, katika sheria ya mwaka 2016, ilikataza walio chini ya miaka 25 kucheza, na Januari 2019 ikatangaza kwamba haitatoa leseni kwa makampuni mapya ya kubashiri. Kenya, mwaka 2019, ilikataa kuhuisha leseni za makampuni kadhaa, na mengine makubwa yakasimamisha kazi kwa muda. Hatusemi kwamba sheria hizo zilimaliza tatizo. Simu huvuka mipaka bila pasipoti. Tunasema tu kwamba hata watawala waliona kwamba hapa pana zaidi ya mchezo.

Sisi Wakongo tuna kumbukumbu yetu. Wazee wenu wanaweza kuwasimulia mwaka 1991, pesa ya Zaire ilipokuwa inayeyuka, jinsi watu wa Kinshasa walivyopeleka akiba zao kwa Bindo Promotion, wakiahidiwa kurudishiwa nyingi kupita kiasi baada ya siku chache. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, na mwaka ule ule nyumba ikaanguka juu ya wengi. Ile haikuwa kamari ya dadu. Lakini mzizi ni mmoja: taabu inapozidi, mtu huacha kuuliza pesa itatoka wapi. Na tofauti nayo ni ya kutisha: nyumba ya Bindo ilianguka kwa sababu iliahidi kuliko ilichokuwa nacho, lakini duka la kubashiri haliangukii mtu, kwa sababu limejikatia sehemu yake kabla ya kuahidi.

Hapa Ituri taabu tunaijua. Wengi wenu mmekimbia vijiji vya Djugu na Irumu, mmeacha mashamba na ng'ombe, mnaishi mjini bila kazi. Anayewaambia kwamba faranga 1,000 inaweza kuwa 32,000 kufikia jioni anawaambia neno ambalo hakuna mwingine anayewaambia. Hatuwadharau wanaolisikiliza. Tunataka walisikilize mpaka mwisho, pamoja na zile 98 zisizoshinda.

Na tombola ya parokia?

Tulipolieleza jambo hili katika kikundi, msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, basi kwa nini parokia inauza tiketi za tombola?" Wenzake walicheka, nasi tulinyamaza kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa la haki.

Tulihesabu mbele yao. Tuseme tiketi 500 za faranga 1,000, na zawadi ni mbuzi na sufuria zenye thamani ya 150,000. Inaingia 500,000, inatoka 150,000. Parokia inabaki na 70 kwa kila 100. Hakuna kasino inayothubutu kukata hivyo katika karata! Kama kipimo ni hesabu peke yake, sisi ndio wabaya kuliko wote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, hutusaidia hapa. Inafundisha kwamba michezo ya bahati na dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Inakuwa haikubaliki inapomnyang'anya mtu kinachohitajika kwa maisha yake na ya wale anaowajibika kwao, na inaonya kwamba tamaa ya mchezo inaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi anayenunua tiketi ya tombola anajua kwamba anatoa kwa ajili ya bati la kanisa, na mbuzi ni furaha ya nyongeza. Hapotezi, ametoa. Lakini tuliungama jambo moja pia: kama mjane ananunua tiketi kumi kwa pesa za unga kwa sababu anamhitaji yule mbuzi, na sisi tunamwuzia tukitabasamu, basi tumekuwa duka. Tangu siku hiyo tumependekeza kwamba parokia itangaze wazi, kabla ya kuuza, tiketi ni ngapi na zawadi zina thamani gani. Haki haiogopi kuhesabiwa.

Pesa zilizobaki mezani

Tulimfuata kijana wetu wiki iliyofuata tukiwa na dadu na daftari. Tulikaa chini ya mti tukahesabu pamoja, naye alikuwa mwepesi kuliko sisi. Alipofika kwenye zile 12 kwa 100 aliweka kalamu chini. "Kumbe sikuwa karibu," alisema. Alikwenda kumwambia mama yake mwenyewe, jambo gumu kuliko hesabu zote. Pesa hazikurudi. Kikundi cha vijana kilimkopesha nusu kutoka likelemba yao, na mama akauza samaki wa wiki mbili zaidi kupata nusu nyingine.

Iangalieni likelemba hiyo kwa jicho la Pascal. Vijana 13 wanatoa faranga 1,000 kila mmoja, ni 13,000. Mmoja anachukua 13,000. Wiki ijayo mwingine, mpaka zamu iishe. Hakuna anayetajirika ghafla, na inadai uaminifu ambao karatasi ya duka haiudai. Lakini ile 1,000 iliyokuwa ikipotea katika mechi yetu ya mfano haipotei, kwa sababu hapa hakuna mwenye meza. Waliokaa ni ndugu tu.

Mungu ametupa akili ili tuitumie hata mahali ambapo moyo unawaka. Akili peke yake haikumwokoa Cardano, aliyehesabu na kuendelea kucheza. Kamili aliokolewa na neema, na neema ilimpa wagonjwa wa kuwahudumia kwa mikono ile ile iliyoshika karata. Tunawaombea yote mawili: akili ya kuhesabu na neema ya kuinuka mezani.

Kwa mazungumzo katika kikundi

1. Itupeni dadu mara nne, na mrudie zoezi hilo mara 50. Andikeni ni mara ngapi sita imeonekana. Je, mtu aliyecheza mara tano tu angeweza kuiona faida ya aliyelipanga pendekezo?

2. Ni nani katika familia yako anayelipa gharama ya dau lako, hata kama hajui?

3. Je, kuna mahali katika jumuiya yetu, hata kanisani, ambapo tunakata sehemu ya maskini bila kumwambia? Tufanye nini ili hesabu iwe wazi?